Pumzi ya Kaa

Aliniletea kaseti ndani ya mfuko wa mkate,
Twaha wa Kuze, mfunga maturubali bandarini,
akaiweka mezani kama mtu awekaye yai.
"Ni barua," akasema. "Marehemu mamangu
alimtumia baba alipokuwa Jeda, mwaka wa tisini na moja.
Kuandika hakujua. Kusema, alijua."

Utepe ulikuwa umelegea. Nikauzungusha kwa penseli,
nikasugua kichwa cha redio kwa pamba na spiriti,
nikazima feni, nikarudisha mlango wa duka,
Guraya yote ikabaki nje na tuktuk zake,
nikabonyeza.

Kwanza mvumo. Kisha kifuniko cha sufuria.
Kisha Bi Maimuna, yu hai,
asalimia nyumba nzima, mtu kwa mtu, hata jogoo,
alalamikia bei ya nazi,
avuta kamasi, acheka peke yake:
"Mtoto amemea meno mawili, atuuma sote.
Dari yavuja, lakini si upande wako wa kitanda.
Ukiya, nimekuekea kaa."
Tak.
Upande wa kwanza umekwisha.
Upande wa pili mtu alirekodi juu yake
mpira wa dakika tisini, na hakuna hata bao.

Nikamnasa katika WAV.
Sisi mafundi twauita wavu, na ni wavu kweli:
hauchagui, waleta dagaa, mwani na kandambili.
Megabaiti mia tatu na kumi.
Twaha akatikisa kichwa. "Dadangu yuko Damam,
simu yake imejaa picha za watoto wa wenyewe.
Itie ndogo."

Nikaitia ndogo.
Mashine ina fatwa yake: lisilohitajiwa na sikio
si lazima liwepo. Ikakata juu, ikakata chini,
kama mshoni apunguzaye kanzu ya babu
imtoshe mjukuu.
MP3 bado nzito. Nikashuka tena,
hadi fomati ya simu za zamani,
megabaiti tatu na kitu. Ikapita.

Usiku nikasikiliza zote mbili, hii kisha ile.
Maneno yalitimia. Sikukosa hata moja.
Lakini sisi wa Mvita tuna kaa, na tuna kaa:
yule wa mikokoni Tudor, mwenye magando,
kaye hutoka na pumzi,
weka kiganja mbele ya mdomo utaihisi;
na lile la jikoni, jekundu,
latoka kavu, halipulizi.

Katika wavu, Bi Maimuna alipumua.
Alimwekea mumewe kaa wa kupikwa,
pengine yumo ndooni, magando yamefungwa ukindu.
Katika faili ndogo pumzi ile haimo.
Mashine iliihesabu kelele.

Saa nne simu ikalia. Twaha.
"Fundi Badi, dadangu analia tangu magharibi.
Umesikia wewe? Mwaka na ushei mume hayupo,
naye amemwekea kaa. Kaa la moto!
Hakuliacha lizimike."

Mbele yangu, kwenye kioo cha kompyuta,
pumzi ile ilionekana, kijivu, nyembamba,
haizidi upana wa ukucha.
Ningeweza kusema.
Nikauliza: "Na babako, alirudi?"
"Alirudi. Mimi ndiye wa baada ya hapo."

Nikautia wavu mzima kwenye diski,
nikaandika juu yake kwa kalamu: Usifute.
Sababu sikuandika.
Kisha nikaweka kiganja mbele ya mdomo,
nikasema kaa,
nikasema kaa,
mpaka stima ikakatika.